Sura ya Sita: Kidonda Kisichouma

Mwaka 1959 madaktari wanne, Janssens, Quertinmont, Sieniawski na Gatti, walichapisha makala juu ya vidonda vya watu wa Kakerifu-Tshamaka, huko Maniema. Vidonda vya aina hiyo ni vipana, kingo zake zimechimbika kwa ndani, na hula ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake mpaka nyama ikaonekana. Ukichukua majimaji ya kidonda, ukayapaka rangi inayotumiwa kutafuta kifua kikuu na kuyatazama kwa darubini, utaona vijiti vyekundu vidogo sana. Hao ni bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na wa ukoma.

Maniema ya wakati ule ilikuwa sehemu ya jimbo la Kivu, na Kivu iliongozwa kutoka Bukavu. Kwa miaka mingi kabla ya mwaka 1988, jimbo lilipogawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, mtu wa Kasongo, huko Maniema, na mtu wa Kadutu, hapa Bukavu, walikuwa watu wa jimbo moja. Naanza na jambo hilo kwa sababu wasomaji wengi wa mji huu, wakisikia jina la ugonjwa huu, Buruli, hudhani ni ugonjwa wa Ghana au wa Kongo Central. Mojawapo ya makala za mwanzo kabisa za Afrika kuhusu ugonjwa huu iliandikwa juu ya watu wa jimbo letu wenyewe.

Miaka 50 ilipita. Katika miaka hiyo Kasongo ilipitia uasi wa 1964, vita ya 1996 na vita ya 1998. Kisha, mwaka 2009, watafiti wengine wakachapisha makala yenye ujumbe mfupi: katika eneo la Kasongo, ugonjwa ule ule bado upo. Haukuwa umeondoka na kurudi. Watoto walizaliwa, wakaugua, wakakua na viungo vilivyopinda, na wengine wakazeeka navyo, mara nyingi bila jina la ugonjwa wao kuandikwa kwenye daftari la serikali.

Ninaloshikilia katika sura hii nitalisema mapema ili msomaji alipime mwenyewe. Ramani ya Buruli katika nchi yetu inaonyesha mahali watu walipokwenda kuutafuta ugonjwa. Safari za watafiti zinapokoma, ramani nayo inakoma, na vijiji vilivyo ng'ambo ya hapo vinahesabiwa kuwa salama kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Ugonjwa wenyewe

Bakteria anayehusika anaitwa Mycobacterium ulcerans. Hana haraka. Katika maabara humchukua zaidi ya siku nzima kujigawa mara moja, na mtaalamu anayemlea kwenye chupa husubiri wiki 6 mpaka 12, pengine zaidi, kabla ya kuona chochote kwa macho. Anapenda joto la kati ya nyuzi 29 na 33, lililo chini ya joto la ndani ya mwili wetu. Ndiyo maana hukaa kwenye ngozi na chini yake, hasa miguuni na mikononi, ambako mwili una ubaridi kidogo, na kwa kawaida hapandi mapafuni wala tumboni.

Kwanza hutokea uvimbe mdogo chini ya ngozi, unaoteleza ukiusukuma kwa kidole. Mtu anaweza kuudhania kuwa ni jipu linaloanza, au pale nyuki alipouma. Kwa wengine hauji kama uvimbe wa duara bali kama bamba gumu la ngozi, na kwa wengine, hasa watoto, mguu mzima au mkono mzima huvimba. Hakuna homa, na hakuna maumivu ya maana. Wiki zinapita. Ngozi ya juu inabadilika rangi, inapasuka, na hapo kidonda kinaonekana. Sehemu inayoonekana ni mlango tu, kwa maana chini ya ngozi ambayo bado inaonekana nzima, mafuta yameshakufa upana wa mara mbili au tatu wa kile kinachoonekana. Muuguzi aliyefunzwa hupima hivi: huingiza kijiti safi chini ya ukingo wa kidonda aone kinaingia mpaka wapi.

Kwa miaka mingi wanasayansi walijiuliza bakteria mzito kiasi hiki anawezaje kufanya uharibifu mkubwa kiasi hiki. Jibu lilipatikana mwaka 1999, katika maabara ya Marekani. Bakteria huyu hutengeneza sumu inayoitwa mikolaktoni, ambayo haifanani na sumu za bakteria wengi kwa sababu si protini. Ni aina ya mafuta, na hupenya kuta za chembe za mwili bila kizuizi. Miaka iliyofuata ikaeleza inachofanya ikishaingia. Huziba tundu ambalo chembe hutumia kupitishia protini zake nyingi, zikiwemo zile za kuita askari wa kinga. Chembe za mafuta na za ngozi hufa. Askari wa kinga, ambao kwa jipu la kawaida wangekuja mbio na kuleta joto, usaha na maumivu, hawaitwi kabisa. Na mwaka 2014 kikundi cha watafiti, wengi wao Wafaransa, kilionyesha kwamba sumu hii hunyamazisha pia mishipa ya fahamu inayobeba habari za maumivu.

Waswahili wanasema panya huuma huku akipuliza. Sijui msemo unaoeleza ugonjwa huu vizuri zaidi. Bakteria anakula mguu wa mtoto na papo hapo anautuliza, na mtoto anaendelea kucheza mpira.

Hapo ndipo ilipo hatari yake yote. Mtu wa shamba hapimi ugonjwa kwa kipimo cha daktari. Huupima kwa kazi. Ugonjwa unaomzuia kushika jembe, kubeba mzigo wa makaa au kwenda sokoni, huo ni ugonjwa, na pesa ya dawa itatafutwa. Kidonda kisichouma hakimwachishi mtu kazi. Kitafungwa kitambaa, kitapakwa majani yaliyopondwa, na jembe litaendelea. Simlaumu mama anayesubiri. Kwa hesabu yake, na kwa pesa aliyonayo, anaona vizuri: mtoto anakula, anacheka, anakwenda shule. Kosa liko kwa sisi tunaojua, ambao hatujamwambia kwamba kwa ugonjwa huu kukosekana kwa maumivu ndiyo dalili yenyewe.

Kisha kidonda kinaanza kupona chenyewe, na hili nalo linadanganya. Kwa wengi, baada ya miezi mingi, kinga ya mwili hatimaye huamka na ngozi hujaribu kuziba shimo. Lakini kovu linapokauka linavuta. Likiwa nyuma ya goti, goti halinyooki tena. Likiwa kwenye kiwiko, mkono unabaki umekunjwa. Wakati mwingine bakteria amefika mpaka kwenye mfupa, na hapo hakuna kupona kwenyewe. Mtu ametoka na uhai wake, lakini amepoteza kiungo ambacho maisha ya kijijini yanakidai kila siku.

Jina lililotoka Uganda

Sir Albert Cook, daktari mmisionari wa Kiingereza aliyeanzisha hospitali ya Mengo pale Kampala, alieleza mwaka 1897 vidonda vinavyofanana na hivi. Hakuwa na jina la kuvipa wala bakteria wa kuonyesha. Bakteria mwenyewe alitambuliwa mbali sana, Australia, ambako mwaka 1948 MacCallum na wenzake waliandika juu ya wagonjwa sita, wengi wao wakitoka karibu na mji wa Bairnsdale, jimbo la Victoria. Miaka miwili baadaye, 1950, Van Oye na Ballion walitoa habari za mgonjwa wa Kongo, na kichwa cha makala yao kiliuliza kama Afrika ilikuwa na ugonjwa mpya usiojulikana. Lilikuwa swali zuri, lakini halikupata wasikilizaji wengi.

Jina Buruli lilikuja miaka ya 1960, kutoka eneo la Buruli nchini Uganda, karibu na Ziwa Kyoga na Mto Nile, ambako madaktari waliwakuta wagonjwa wengi kwa pamoja. Lakini habari ya Uganda inayotugusa sisi watu wa Maziwa Makuu zaidi ni ile ya Kinyara. Wakimbizi wa Kinyarwanda waliokimbia nchi yao baada ya machafuko ya 1959 na miaka iliyofuata, wengi wakipita au kubaki huku kwetu Kivu, wengine waliwekwa katika kambi ya Kinyara, Bunyoro, si mbali na Nile. Walitoka kwenye vilima vya juu vyenye baridi, wakashushwa kwenye ardhi ya chini yenye mabwawa. Haukupita muda mrefu vidonda vikaanza, watoto wakiwa wengi miongoni mwa waliougua. Madaktari wa Uganda na wenzao waliojiita Kikundi cha Buruli cha Uganda waliwafuatilia wakimbizi hao nyumba kwa nyumba, na ripoti yao ya mwaka 1971 ingali inasomwa. Walionyesha kwamba wageni waliokuwa hawajawahi kukutana na bakteria huyu waliugua kwa wingi, kwamba ukaribu na maji yale ulikuwa na maana kubwa, na, katika makala nyingine ya 1969, kwamba chanjo ya BCG tunayowapa watoto dhidi ya kifua kikuu iliwakinga kiasi, ila kwa muda mfupi.

Nikiisoma habari ya Kinyara nawafikiria wakimbizi wa ndani wa leo, watu wa milimani wanaosukumwa na vita mpaka kwenye mabonde ya joto, kandokando ya mito ambako wazazi wao hawakuishi. Tumejifunza kuwauliza habari za kipindupindu na surua. Habari za uvimbe usiouma hatuwaulizi.

Jinsi bakteria anavyotoka majini au matopeni na kuingia kwenye ngozi ya mtu bado ni swali linalofanyiwa kazi. Australia wamekwenda mbali zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliunganisha mbu, wanyama wadogo wa mitini wanaoitwa posamu, na wagonjwa wa vitongoji vya Melbourne, ukionyesha kwamba bakteria walikuwa wale wale kwa wote watatu. Afrika hatuna posamu, na picha yetu ni ya maji: mabwawa, mito ya mwendo wa polepole, mashamba ya mpunga, mashimo ya machimbo yaliyojaa maji. Jambo moja ni la hakika, na linapaswa kutangulia kila mazungumzo na familia: mgonjwa hamwambukizi mtu. Unaweza kula naye sahani moja, kulala naye chumba kimoja, kumwogesha na kumfunga kidonda. Mtoto asifukuzwe shule, na mke asirudishwe kwao.

Nataja machimbo kwa makusudi. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Ghana mwaka 1999 ulikuta wilaya ya Amansie West, nchi ya wachimba dhahabu, ikiongoza kwa wingi wa wagonjwa: takriban 150 kwa kila watu 100,000. Sisi tuna Kamituga, tuna Shabunda, tuna mito iliyogeuzwa mkondo na vijana wanaoshinda na maji mpaka kiunoni wakitafuta chembe za dhahabu. Sisemi kwamba Buruli iko Kamituga. Nasema kwamba Kasongo, ambako iko kwa hakika, ni jirani yetu upande wa magharibi, na wachimbaji hutembea. Daktari wa Bukavu anayemwona mchimbaji mwenye kidonda cha miezi minne ana sababu za kutosha kufikiria.

Njia ya mgonjwa

Tuseme ni msichana wa miaka 9, kwa maana katika Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Uvimbe umetokea juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mama anaukanda kwa maji ya moto. Wiki ya tatu unapasuka. Jirani anashauri dawa ya majani, na dawa inapakwa. Kidonda kinapanuka. Sasa maneno yanaanza, kwani kidonda kinachokua bila kuuma, na mtoto hana homa, hakifanani na ugonjwa wa Mungu. Huku kwetu kuna jina tayari kwa mambo kama haya: ni sumu, ni karuho, ni mtu ametupiwa kitu. Swali la ugonjwa gani linageuka kuwa swali la nani, na nani huyo kwa kawaida ni mjane, au mke mwenza, au ndugu aliyegombania shamba.

Kuanzia hapo safari ni ya waganga na vyumba vya maombi. Sitaki kuwadharau wanaosali, maana wengi wao ndio pekee waliomkalisha mtoto na kumtazama usoni. Mchungaji akijua kwamba kidonda cha namna hii kina dawa ya vidonge, anaweza kusali na kumtuma mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo, na neno lake litasikilizwa kuliko bango lolote la wizara. Mganga wa kienyeji vivyo hivyo. Yeye ndiye anayeona uvimbe kabla ya muuguzi. Mradi wowote wa Buruli unaoanza kwa kumtukana umeshajinyima macho yake.

Mama akifika kituo cha afya, mazungumzo huenda hivi.

"Mama, kidonda hiki kimeanza lini?"

"Munganga, tangu wakati wa kupanda maharage. Lakini hakimuumi hata kidogo."

Muuguzi mwenye wagonjwa wa malaria kumi na watano barazani husikia maneno hayo kama nafuu. Anasafisha, anafunga, anaandika antibiotiki ya kawaida ya siku 7. Dawa hiyo haimfanyi lolote bakteria wa Buruli. Mama anarudi mara ya pili, anapewa nyingine. Mara ya tatu harudi, kwa sababu kila kufunga kidonda kunalipiwa, na mbuzi wa kuuza amekwisha.

Laiti muuguzi angejua maswali manne tu: Kilianza kama uvimbe? Kiliuma? Kingo zimechimbika ndani? Kimemaliza zaidi ya wiki nne? Majibu ya maswali hayo yakielekea upande mmoja, hakuna haja ya kusubiri kidonda kikue ili kipate heshima ya kupelekwa hospitali ya rufaa. Kidonda cha kawaida cha nchi za joto, kile ambacho wengi wanakiita donda ndugu, huuma sana na hunuka, na kina historia ya jeraha. Ukoma nao hauumi, lakini huanza na baka lililokufa ganzi, na hufuata mishipa ya fahamu. Buba, ambao madaktari wetu wanauita kwa Kifaransa pian, huwapata zaidi watoto wa misituni kwa vipele vinavyoonekana kama matunda madogo, na dozi moja ya azithromaisini huuponya. Haya yote ni magonjwa ya ngozi yanayoletwa na bakteria, yote huwapata watu wa mwisho wa barabara, na muuguzi aliyefunzwa moja anaweza kufunzwa yote kwa siku mbili. Shirika la Afya Duniani limependekeza hivyo tangu 2022: magonjwa ya ngozi yaliyosahaulika yatafutwe pamoja, kwa safari moja.

Wiki 8

Zamani tiba ilikuwa kisu. Daktari alikata kila kilichooza na sehemu ya kizima kando yake, kisha akabandika ngozi kutoka pajani. Mgonjwa alilazwa kwa miezi, mama yake akilala chini ya kitanda, shamba likiota majani nyumbani. Hata hivyo ugonjwa ulirudi kwa baadhi yao. Familia zilizokimbia upasuaji huo hazikukimbia kwa ujinga.

Mambo yalibadilika mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kutumia rifampisini pamoja na sindano za streptomisini kwa wiki 8. Sindano ya kila siku kwa siku 56 ni mateso kwa mtoto, na streptomisini inaweza kuharibu masikio. Ndipo ukafanywa utafiti Ghana na Benin, matokeo yakachapishwa mwaka 2020: rifampisini pamoja na klarithromaisini, zote za kumeza, ziliponya sawasawa na sindano. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wenye vidonda vidogo na vya kati walikuwa wamepona ndani ya mwaka mmoja. Leo, basi, mtoto aliyewahi kufika na uvimbe usiozidi sentimita 5 anameza vidonge nyumbani kwa wiki 8, anafungwa kidonda vizuri, ananyoosha mguu kila siku ili usikunjike, na anarudi shule. Upasuaji umebaki kwa vidonda vikubwa na viungo vilivyokwisha kupinda.

Mgonjwa aambiwe jambo moja mapema: katikati ya dawa au hata baada yake, kidonda kinaweza kuonekana kimezidi, na uvimbe mpya ukatokea. Mara nyingi hiyo ni kinga ya mwili inayoamka baada ya sumu kukatika. Asiyeambiwa huacha dawa wiki ya tano na kurudi kwa mganga.

Rifampisini iko katika kila zoni ya afya ya nchi hii kwa ajili ya kifua kikuu. Darubini ya kuangalia makohozi ipo pia, na rangi yake ni ile ile inayomwonyesha bakteria wa Buruli, ingawa humkosa kwa wagonjwa wengi. Kwa uthibitisho kamili unahitaji kipimo cha vinasaba, ambacho hufanywa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa. Hapo ndipo jiografia inapoingia.

Kimpese na Kasongo

Kimpese, katika Kongo Central, iko kando ya barabara kuu ya Kinshasa kwenda Matadi. Hospitali ya kiinjili ya IME iliyoko pale ilianzisha miaka ya 2000 huduma maalumu ya Buruli kwa watu wa eneo la Songololo, yenye tiba ya bure na wahudumu waliofunzwa. Wagonjwa waliofika waliongezeka, na vifo vikapungua. Hakuna mtu aliyesema kwamba hospitali imeleta ugonjwa. Kila mmoja alielewa kwamba ulikuwapo, na sasa ulikuwa na mahali pa kupelekwa. Ndiyo sababu, ukifungua kitabu chochote kuhusu Buruli ya Kongo, utasoma Songololo.

Kasongo haina barabara kama ile. Bukavu yenyewe, uwanja wake wa ndege wa Kavumu ulipotekwa na waasi wa M23 tarehe 14 Februari 2025 na mji siku mbili baadaye, iliwekwa upande mwingine wa mstari wa vita na Kinshasa. Sampuli ya kidonda haina pasipoti, lakini inahitaji mtu wa kuibeba na ndege ya kuipakia.

Takwimu za dunia zinaonyesha kitu cha namna hiyo hiyo. Mpaka mwaka 2010 nchi zilikuwa zikitoa taarifa za wagonjwa karibu 5,000 kila mwaka. Mwaka 2020 walikuwa 1,258. Sehemu ya upungufu huo huenda ni ya kweli na ni ya kushukuru. Lakini 2020 ulikuwa mwaka wa korona, timu za kutafuta wagonjwa vijijini zilibaki nyumbani, na mwaka 2022 hesabu ikapanda tena kupita 2,000. Anayekata bajeti kwa kutazama mstari ulioshuka anaweza kuwa anatazama kivuli cha bajeti aliyoikata mwaka uliotangulia. Kule Victoria, Australia, ambako serikali inalazimisha kila mgonjwa aripotiwe, idadi imepanda katika miaka ya karibuni, na inajulikana kwa sababu wanatafuta, wanahesabu.

Bukavu ina uwezo wa kufanya zaidi ya inavyofanya. Ina Hospitali Kuu ya Rufaa ya jimbo, ina Panzi ambayo Dkt. Denis Mukwege aliijenga mpaka ikajulikana dunia nzima kwa kutibu majeraha ambayo wengine hawakutaka kuyatazama, ina vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari. Kipimo cha vinasaba kilichokuja na Ebola na korona kinaweza, kwa vitendanishi vinavyofaa, kutafuta Buruli pia. Kinachotakiwa ni uamuzi: kila kidonda cha zaidi ya wiki nne kinachoingia katika vituo vya afya vya Kivu Kusini kiandikwe, kipimwe kwa rula, kichukuliwe majimaji, na majina ya vijiji yawekwe kwenye ramani. Baada ya miaka miwili tutajua kama jimbo letu lina Buruli au halina. Jibu lolote kati ya hayo mawili ni bora kuliko ukimya wa miaka 50.

Na wewe msomaji, hata kama si munganga, unayo sehemu yako. Ukimwona mtoto wa jirani, mwanafunzi wako, mtu wa kanisani au msikitini mwako mwenye uvimbe au kidonda kisichouma ambacho hakijapona baada ya wiki nne, usiulize nani amemroga. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, umwambie muuguzi lini kilianza na kwamba hakiumi, na ulitaje jina Buruli kwa sauti.